Maktaba ya Mkoa Si ya Wanafunzi Peke Yao

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Iringa au Mbeya, chagua siku moja ya juma, yapata saa nne asubuhi, uingie katika maktaba ya mkoa wako. Usiende kusoma, nenda kutazama tu. Ikiwa ni miezi ya kuelekea mitihani ya kidato cha nne au cha sita, utakuta viti vimejaa. Vijana wameinama juu ya meza, masweta yamevutwa hadi shingoni kwa baridi yetu hii ya nyanda za juu, na hapana sauti isipokuwa ya kurasa zinazofunuliwa na kikohozi cha hapa na pale. Utafurahi, na ni haki yako kufurahi. Lakini tazama kwa makini wanachosoma. Wengi wao wamekuja na madaftari yao wenyewe, au karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Walichokifuata pale ni meza, mwanga na utulivu. Nyuma yao rafu zimesimama na vitabu vyake, na katika saa nzima utakayokaa huenda usione zaidi ya watu wawili watatu wakizinyoshea mkono.

Kisha tazama tena, uhesabu watu wazima. Yupo mzee anayesoma gazeti karibu na dirisha. Pengine yupo mwalimu mmoja. Fundi seremala hayupo. Mama anayeuza chakula sokoni hayupo, wala dereva, wala muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, wala mjenzi ambaye leo hakupata kibarua.

Sina ugomvi na wanafunzi. Mahali pa kusomea penye taa si jambo dogo kwa mtoto anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne. Ninalotaka kuzungumza nawe leo ni jingine: kwamba maktaba ya umma iliwekwa kwanza kabisa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kujua kusoma, ambaye asipopata cha kusoma atasahau. Na watu husahau. Nasema hivyo kwa ushahidi wa nyumbani kwetu.

Mama yangu na kaka yake walijifunza kusoma katika darasa moja, kijijini kwao katika miteremko ya milima ya Uporoto, mkoani Mbeya. Ilikuwa miaka ya kampeni kubwa ya kisomo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu hapo madarasa yakaenea nchi nzima: chini ya miti, katika ofisi za Chama, makanisani na misikitini. Vitabu vyenyewe vilifundisha herufi kwa njia ya kazi. Palikuwa na vitabu vya kilimo cha pamba, cha mahindi, cha tumbaku na cha migomba, vya uvuvi, vya ufugaji na vya mambo ya nyumbani, ili mtu ajue kusoma na papo hapo ajue kupanda kwa mistari. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadili. Mama alisema choo cha kwanza cha maana pale kwao kilichimbwa kwa sababu ya kitabu. Mwaka 1975 ukafanywa mtihani wa taifa zima, na waliofikia hatua ya tatu au ya nne wakahesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika. Mama alipata hatua ya tatu. Mjomba alipata ya nne, naye hakuacha kumkumbusha dada yake jambo hilo kila walipokutana, hata mbele ya wageni.

Baada ya hapo njia zao zikaachana. Mama aliolewa Iringa mjini. Mjomba akabaki Uporoto na viazi vyake na pareto yake.

Mwanzoni hakuna aliyeona tofauti. Kijiji cha mjomba kilikuwa na maktaba, maana serikali ilijua fika kwamba kisomo bila vitabu ni sawa na kuwasha moto bila kuni, na ikaweka maktaba ndogo vijijini kwa maelfu. Nyingi zilikuwa kabati moja tu lenye vitabu vichache vya Kiswahili. Yakaanzishwa na magazeti ya vijijini, kama lile la Elimu Haina Mwisho lililoanzia kanda ya Ziwa mwaka 1974, yenye herufi kubwa na habari za mkulima. Lakini kabati haliongezi vitabu lenyewe. Ilipofika miaka ya 1980 nchi ilikuwa imetoka vitani, mafuta yalikuwa ghali, fedha za kigeni hazipatikani na karatasi ilikuwa adimu. (Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza kazi katikati ya miaka hiyo hiyo, mkoani mwetu kabisa, lakini vitabu vipya havikumfikia mjomba wangu kwa hilo.) Vitabu vya kabati lile vilikuwa vimekwisha kusomwa vyote. Vingine vikageuka karatasi za kusokotea sigara. Ufunguo ulibaki kwa mtu ambaye baadaye alihama.

Kwa mama mambo yalikwenda vingine, tena kwa sababu isiyo ya kishujaa hata kidogo. Alikuwa na wateja wa maandazi, na mmoja wao alikuwa na mazoea ya kuandika deni lake mwenyewe katika daftari la mama. Siku moja mama aligundua kwamba maandishi ya mteja yule hayasomi tena upesi kama zamani. "Herufi zimeanza kunikimbia," alimwambia baba jioni ile. Alikuwa na cheti, na hakikuwa na miaka kumi bado.

Mimi nilikuwa nimeanza shule. Mwalimu wetu alitupeleka maktaba, tukaandikishwa uanachama wa watoto, na mama akaipenda kadi yangu kuliko nilivyoipenda mimi. Kila Jumamosi alinishika mkono tukaenda pamoja. Tuliingia sehemu ya watoto, akachagua yeye. Hadithi za sungura na fisi, kitabu cha mtoto aliyepotea sokoni, kitabu cha mbuzi. Usiku, baba akiwa ameketi na redio yake, mama alivuta taa ya chemli karibu akasoma, midomo ikicheza, kidole kikitembea chini ya mstari. Aliniambia anavikagua kwanza kama vinanifaa. Baadaye alihamia rafu za watu wazima, akauliza pale mezani utaratibu wa kuandikishwa, akaambiwa atafute mdhamini, na mwalimu wangu akamdhamini. Mkutubi aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo. Nina hakika alijua tangu siku ya kwanza kwamba vile vitabu vya mbuzi na sungura havikuwa vyangu. Hakusema neno. Alipiga muhuri wa tarehe, akatuambia, "Karibuni tena, mama."

Naomba unisamehe nikikaa hapo kidogo, maana katika habari za maktaba watu hutaja majengo na idadi ya vitabu, nao ustaha wa mtu aliyeketi nyuma ya meza hauandikwi popote. Mtu mzima anayeogopa kuonekana hajui hufukuzwa na tabasamu moja tu la dharau, na harudi.

Sasa mjomba. Katikati ya miaka ya 1990 alikuja mtu kutoka mjini aliyetaka kukodi nusu ya shamba lake kwa misimu mitatu. Wakaelewana bei, fedha ikahesabiwa, karatasi ikaletwa, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Mjomba aliishika karatasi ile, akaitazama juu mpaka chini kama mtu asomaye, kisha akaweka dole gumba. Hakutaka mgeni aone kwamba hawezi. Misimu mitatu ilipokwisha alikwenda kudai shamba, akasomewa karatasi yake mwenyewe: ilisema ameuza. Shauri lilivutana kwa muda mrefu na shamba halikurudi. Cheti chake cha hatua ya nne kilikuwa sandukuni, kimefungwa katika kitambaa. Nilikiona kwa macho yangu, hakina doa.

Ndugu wawili, darasa moja, mwalimu mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa hodari zaidi. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na sioni tofauti nyingine iliyowatenga ila kwamba mmoja aliishi mahali ambapo aliweza kwenda na miguu hadi kwenye rafu iliyokuwa ikiongezwa vitabu, na mwenzake hakuishi hapo.

Wala mjomba hakuwa peke yake. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba wasiojua wamebaki takriban mmoja katika kila kumi, nasi tukasifiwa duniani kote. Sensa ya mwaka 2012 ikaonyesha kwamba wanaojua ni kama asilimia 78 tu. Hesabu hizo hazikupimwa kwa kipimo kimoja, na zipo sababu nyingi, mojawapo ikiwa watoto waliokosa shule katika miaka migumu. Lakini ndani ya tofauti ile wamo watu wenye vyeti sandukuni.

Yafaa tujue basi maktaba hizi zilitoka wapi. Wakati wa ukoloni kazi ya vitabu vya umma ilikuwa mikononi mwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo lilipeleka masanduku ya vitabu mikoani na kumwazima msomaji wa mbali kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria Na. 39 ya mwaka 1963 ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba, nayo ikaanza kazi mwaka uliofuata. Mkurugenzi wa mwanzo alikuwa Mwingereza, Max Broome. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, jengo lililopo katika barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1970 uongozi ukashikwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno, na mwaka 1975, mwaka ule ule wa mtihani wa akina mama yangu, sheria mpya, Na. 6, ikaipa Bodi madaraka mapana zaidi. Chuo cha kufundishia wakutubi kikafunguliwa Bagamoyo mwaka 1989.

Mpango wenyewe ulikuwa wa busara na rahisi kueleweka. Ununuzi wa vitabu na kazi ya kuvipanga na kuviandikia kadi vifanyike mahali pamoja, Dar es Salaam, kisha vitabu visambazwe katika maktaba za mikoa, ili msomaji wa Iringa asihitilafiane na msomaji wa Tanga. Kwa nchi maskini yenye wataalamu wachache hilo lilikuwa jambo la akili. Ubaya wake ni kwamba makao makuu yakipata mafua, mikoa yote hupiga chafya. Fedha ya vitabu ilipopungua Dar es Salaam, rafu zetu zilizeeka kwa pamoja. Ndiyo maana hata leo utakuta kitabu cha ufundi kilichoandikwa kabla fundi mwenyewe hajazaliwa, na vya Kingereza vikizidi vya Kiswahili. Simlaumu mkutubi wa mkoa kwa hilo. Yeye hugawa alichopewa.

Sasa niruhusu nikupeleke mbali kidogo, mpaka Japani, kwa sababu kuna kisa kinachofanana na chetu. Wajapani walitunga Sheria yao ya Maktaba mwaka 1950, na humo wakaandika kwamba maktaba ya umma haitatoza ada ya kuingia wala ya kutumia vitabu vyake. Hata hivyo kwa miaka mingi maktaba zao zilijaa wanafunzi waliokuja na vitabu vyao kujiandaa kwa mitihani, kama zetu hasa. Waliogombewa ni viti, vitabu vilikaa. Ndipo mwaka 1965, wakati Bodi yetu ilipokuwa bado changa, mji mmoja uitwao Hino, magharibi ya Tokyo, ukaanzisha huduma ya maktaba kwa namna ya ajabu: bila jengo. Mkutubi Maekawa Tsuneo na wenzake walianza na basi moja lililojaa vitabu, wakaliita Himawari, maana yake alizeti. Basi halina viti vya kujisomea, kwa hiyo halikuwa na kazi nyingine ila kuazimisha. Lilisimama mitaani, akina mama wakatoka majumbani na watoto mgongoni, wakachukua vitabu wakarudi navyo kupika. Jengo kuu lilikuja miaka kadhaa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kuzoea kuazima, na miji mingine ikaiga mfano wa Hino.

Sisi nasi tuliyajua magari ya vitabu, na huduma ya posta pia. Hatukushindwa kwa kukosa wazo. Tulishindwa kwa petroli, vipuri na barabara. Lakini katika kisa cha Hino sehemu ninayoipenda haihitaji petroli. Ni ile hesabu yao: kazi ya maktaba ilipimwa kwa vitabu vilivyotoka nje ya mlango. Kwa kipimo hicho, ukumbi uliojaa wanafunzi na rafu zisizoguswa si maktaba iliyojaa.

Wako watakaoniambia kwamba leo kila mtu ana simu, na simu imejaa maandishi. Ni kweli, na katika simu hiyo hiyo hupatikana vitabu vizima kwa anayejua kuvitafuta. Lakini jaribu kumpa mtu aliyezoea ujumbe wa mistari miwili mkataba wa kurasa mbili, umtazame macho yake yanavyoruka. Kusoma maandishi marefu kwa subira, huku ukikumbuka aya ya kwanza unapofika ya mwisho, ni nguvu ya misuli kama kulima. Hutunzwa kwa kufanywa. Ile karatasi ya mjomba hakuna neno gumu ndani yake, nimeisoma. Neno la kuuza liko katika mstari wa kumi na tisa.

Basi, msomaji, kama umekubali kwenda, haya ndiyo utakayoyakuta. Mlangoni utakuta meza ya kuazimia. Ada ya uanachama ipo, nami ningependa siku moja tuwaige Wajapani tuifute. Lakini hadi hapo itakapofutwa, ilinganishe na gharama ya soda unazokunywa mwaka mzima kabla ya kulalamika. Uliza utaratibu wa kujiandikisha, vitu vinavyotakiwa, na saa za Jumamosi, maana mfanyakazi anayetoka kazini jioni hana siku nyingine. Kusoma gazeti hapo hapo kuna faida yake pia, hasa kwa anayetaka kulinganisha magazeti matatu bila kununua hata moja.

Usiogope zile namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu. Ni utaratibu wa Mmarekani Melvil Dewey, aliouchapisha mwaka 1876, ambao umegawa maarifa yote ya binadamu katika mafungu kumi. Ukishajua namba tatu nne zinazokuhusu, utatembea humo kama nyumbani kwako. Afya na magonjwa viko 610. Kilimo ni 630, na mifugo, kuku wakiwamo, ni 636. Mapishi ni 641. Useremala na ujenzi viko kati ya 690 na kitu. Hadithi za mapokeo, zile za sungura na fisi, zimo 398, na historia ya Afrika, Mkwawa na wenzake, inaanzia 960. Namba hizo ni zile zile Iringa na Mbeya. Ukihamishwa kikazi kutoka mji mmoja kwenda mwingine, kama wengi wetu tunavyohamishwa kati ya miji hii miwili, hutahitaji kujifunza upya.

Usipokiona unachokitaka, sema. Waulize wakutubi kama kinaweza kuombwa. Kitabu kisichoulizwa na mtu hakina sababu ya kuletwa, na kwa miaka mingi maombi yanayotoka kwetu yamekuwa ya vitabu vya mitihani, kwa hiyo ndivyo tunavyoletewa. Laiti mafundi ishirini wa Mwanjelwa wangeuliza kitabu cha Kiswahili juu ya umeme wa majumbani katika mwezi mmoja, nadhani ombi hilo lingesikika hadi Dar es Salaam.

Na kama una mtoto wa shule, nenda naye. Mwandikishe, kisha mwachie achague kitabu kimoja, nawe uchague cha pili. Sehemu ya watoto rafu zake ni fupi. Itakubidi uiname au uchuchumae. Hakuna atakayekuuliza kitabu ni cha nani. Mama yangu sasa anasoma kwa miwani na anapendelea vitabu vya historia, lakini wiki iliyopita nilimkuta na kitabu cha sungura, anadai anamkagulia mjukuu.